Kuotesha fuwele za mota ya bakteria ukiwa Mtwara

Mtu wa Mtwara au Lindi hahitaji kufundishwa fuwele ni kitu gani. Amekua akiziona kwenye majaruba ya chumvi. Maji ya bahari yanaingizwa, jua na upepo vinayapunguza, jasi inatangulia kujitenga, na maji yakibaki takriban sehemu moja ya kumi ya yale yaliyoingia ndipo chumvi yenyewe inapoanza kukaa chini. Maji yakikauka haraka, chumvi hutoka laini kama unga. Yakipungua taratibu, inatoka ya mawe. Mvua moja ya ghafla inarudisha kazi nyuma. Kuotesha fuwele za protini, ambazo baadaye hupigwa eksirei ili umbo la molekuli lijulikane, ni kazi hiyohiyo, isipokuwa jaruba lenyewe lina ujazo wa mikrolita 2, na kinachotakiwa kujipanga ni molekuli kubwa, laini, iliyochukua wiki mbili au tatu kuitengeneza.

Protini tunazozisema hapa ni za mota ambayo bakteria huogelea nayo. Mwaka 1973 Howard Berg na Robert Anderson walitoa hoja kwamba mkia wa bakteria haupigi kama mjeledi, bali unazunguka. Mwaka uliofuata Michael Silverman na Melvin Simon walilionyesha hilo kwa macho: waliunasa mkia kwenye kioo, na mwili mzima wa bakteria ukaanza kuzunguka. Ni pangaboi lenye injini yake. Injini hiyo haiendeshwi na mafuta, inaendeshwa na protoni zinazopenya kwenye utando, au na ioni za sodiamu kwa baadhi ya bakteria wa baharini wa jamii ya Vibrio, ambao mota yao imepimwa ikifika mizunguko 1,700 kwa sekunde. Upande unaozunguka umejengwa kwa protini za FliF, FliG, FliM na FliN, pete juu ya pete. Upande uliotulia ni MotA na MotB, molekuli 5 za MotA zikiwa zimezizingira 2 za MotB. FliG ndiyo inayosukumwa na MotA, na ndiyo inayobadilisha mkao pale mota inapogeuza mwelekeo. Kwa anayeanza, namshauri aanze na FliG. MotA na MotB zimezama kwenye utando na zinataka detajenti, aina ya sabuni ya kuziyeyusha, kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Umbo la jozi yao nzima lilipatikana mwaka 2020 kwa hadubini ya elektroni, bila fuwele.

Jambo ambalo wengi hulielewa wakiwa wameshachelewa ni kwamba fuwele haipatikani kwenye kisahani cha kuoteshea. Inapatikana, au inakosekana, siku unapochagua kipande cha protini na wiki unayokisafisha. Kisahani kinasoma tu matokeo. Mtu akishindwa hukimbilia kununua seti nyingine ya miyeyusho 96 ya kujaribia. Angerudi kwenye jeli yake, inayotenganisha protini kwa ukubwa na kuonyesha kila moja kama mstari, akaiangalia kwa utulivu, mara nyingi angeona mstari mwembamba wa pili chini ya ule mnene, na jibu lingekuwa hapo.

Tuanze na uchaguzi. Umbo la kwanza la kipande cha mwisho cha FliG lilitolewa mwaka 1999 huko Utah, Marekani, kutoka kwa bakteria aitwaye Thermotoga maritima. FliG nzima ilifuata mwaka 2010, kutoka kwa Aquifex aeolicus. Wote wawili ni viumbe wa maji ya moto: Thermotoga hustawi karibu na nyuzi 80 za Selsiasi, na Aquifex huzidi hapo. Walichaguliwa kwa sababu. Protini iliyozoea nyuzi 80 ikiwekwa kwenye nyuzi 20 hutulia, haichezichezi, na molekuli zisizochezacheza hujipanga. Kwetu sisi wa pwani ya kusini ipo faida nyingine kubwa zaidi: umeme ukikatika saa tano usiku na jokofu likapanda hadi nyuzi 28, FliG ya Thermotoga haitajua kama kuna kilichotokea. Ile ya Salmonella asubuhi utaikuta imeganda nyeupe chini ya kichupa. Anayefanya kazi mahali ambapo baridi haina uhakika achague protini isiyoitegemea baridi. Uamuzi huo mmoja una thamani kuliko jenereta.

Baada ya kuchagua kiumbe, kata. FliG ya Thermotoga ina asidi amino 335 na ina sehemu tatu: ya mwanzo inashika FliF, ya kati inashika FliM, ya mwisho inakabiliana na MotA. Kati ya sehemu na sehemu kuna viungo vinavyopinda, na kimoja kina glisini mbili zinazofuatana, ambazo kazi yake ni kulegea. Kiungo legevu ni adui wa fuwele, kwa kuwa kila molekuli inaingia kwenye mpangilio ikiwa na mkao wake. Ndiyo maana wengi wametumia kipande cha 104 hadi 335, yaani kati na mwisho, au sehemu ya mwisho peke yake. Kama unashughulikia protini ambayo hujui pa kuikata, iache tripsini, enzaimu inayokata protini, ikuonyeshe. Changanya sehemu 1 ya tripsini kwa 1,000 ya protini kwa uzito, chota sampuli dakika ya 5, 15, 30, 60 na 120, kila sampuli ichemshe papo hapo kwenye rangi ya jeli yenye detajenti ya SDS, kisha zipitishe zote kwenye jeli moja. Mstari unaobaki imara hadi dakika ya 120 ndio kiini kigumu. Mipaka yake ndiyo utakayoibeba kwenye plasmidi mpya, yaani duara la DNA linaloipa bakteria jeni ya kutengeneza protini. Tengeneza matoleo matatu au manne yanayopishana asidi amino 3 hadi 5 kila upande, maana tofauti ndogo hiyo imewahi kutenganisha sahani tupu na sahani iliyojaa.

Utengenezaji hufanywa na E. coli aina ya BL21(DE3). Jeni za Thermotoga zina kodoni (maneno ya herufi tatu ya DNA) nyingi za AGA, AGG na ATA, ambazo E. coli huzitumia kwa nadra, kwa hiyo tumia aina iliyoongezewa tRNA, molekuli zinazosoma kodoni hizo, kama Rosetta, la sivyo utapata protini kidogo au iliyokatikia njiani. Vitabu vingi vitakwambia uteremshe joto hadi nyuzi 18 kabla ya kuweka IPTG, kemikali inayowasha jeni. Mashine ya kutikisa isiyo na kipoozeo haiwezi kushuka chini ya joto la chumba, na chumba cha Mtwara mwezi Januari kiko nyuzi 30 na zaidi. Kwa protini ya Thermotoga usihangaike: nyuzi 37, IPTG milimola 0.5 ukungu wa seli, unaopimwa kwa mwanga kama OD600, ukifika 0.6, saa 3 hadi 4, vuna. Lita 2 zinatosha kabisa.

Sasa kupasua na kuchemsha. Seli zikorogee kwenye bafa, mililita 5 kwa kila gramu: HEPES milimola 50 ya pH 7.5, chumvi milimola 300, imidazoli milimola 20, na PMSF, kizuizi cha enzaimu zinazokata protini, milimola 1 inayowekwa dakika ya mwisho kwa kuwa huvunjika haraka ikiingia majini. Barafu ya kuzungushia kopo wakati wa kupasua kwa mawimbi ya sauti si lazima itoke kwenye mashine ya maabara. Barafu ya wauza samaki ikipondwa inafaa, ili mradi isiguse sampuli. Piga sekunde 10, pumzika 20, hadi zitimie dakika 5 za kupiga. Weka DNase, enzaimu inayokata DNA, ngoja dakika 15 mpaka uteute uishe.

Kisha peleka maji hayo kwenye nyuzi 70 kwa dakika 20. Protini za E. coli huganda kama yai. Ya Thermotoga inabaki kwenye maji. Ni hatua rahisi kuliko zote na inafuta uchafu mwingi kwa mara moja, lakini ina makosa yake mawili. La kwanza ni kuchemsha mililita 50 kwenye kichupa kimoja. Katikati ya kichupa hufika nyuzi 70 kwa kuchelewa sana, na dakika 20 zako zinaisha kabla hazijaanza. Gawa mililita 10 kila kichupa, tumbukiza kipimajoto ndani ya kimojawapo, tikisa, anza kuhesabu kikisoma 68. La pili ni bafa. Wengi hutumia Tris kwa mazoea. pH ya Tris hushuka takriban 0.028 kwa kila nyuzi moja inayopanda, hivyo Tris uliyoipima 8.0 kwenye nyuzi 25 inakuwa karibu 6.7 ndani ya maji ya nyuzi 70, na ukiirudisha kwenye jokofu la nyuzi 4 inapanda hadi 8.6. Protini yako inaweza kuanguka kwa ajili ya pH wakati wewe unalaumu joto. HEPES husogea nusu ya hapo. Na hata mezani, pima pH ya Tris kwenye joto ambalo utaitumia. Chumba chenye nyuzi 32 na kitabu kilichoandikwa kwa nyuzi 25 havikubaliani.

Poza kwenye barafu dakika 10, zungusha kwenye sentrifuji kwa g 20,000 dakika 40, chuja kwa kichujio cha mikroni 0.45. Hapo tu ndipo kolamu ya nikeli, inayoshika mkia wa histidini uliounganishwa na protini, inapoingia: osha kwa imidazoli milimola 40, toa kwa 250. Kata mkia huo kwa enzaimu ya TEV, sehemu 1 kwa 50 kwa uzito. Watu huiweka kwenye nyuzi 4 usiku kucha kwa kuihurumia protini; ya Thermotoga haihitaji huruma hiyo, iache mezani saa 4 na kazi imekwisha, kwa sababu TEV yenyewe hupenda joto karibu na nyuzi 30. Pitisha tena kwenye nikeli ili mkia na TEV vibaki nyuma.

Hatua ya mwisho ni kolamu ya kuchuja kwa ukubwa, kwenye bafa nyepesi: Tris au HEPES milimola 10, chumvi milimola 100, basi. Usitumie fosfeti. Fosfeti ikikutana na kalsiamu au magnesiamu kwenye sahani inatoa fuwele nzuri, zenye kingo kali, zinazong'aa, ambazo si protini. Kwa sababu hiyohiyo maji yawe yametolewa ioni. Maji ya visima vya pwani hii, vilivyochimbwa kwenye miamba ya matumbawe, yana chokaa nyingi, na mtungi mmoja wa maji mabaya huchafua bafa za mwezi mzima. Chumvi ya majaruba, hata ikiwa nyeupe kiasi gani, ina magnesiamu na mabaki ya jasi. Ni ya jikoni.

Kilima kinachochorwa protini inapotoka kwenye kolamu kiwe kimoja na pande zake zilingane. Kikiwa na bega, chukua katikati na utupe bega, hata kama bega limebeba theluthi ya mavuno. Hapa ndipo watu hushindwa kwa ajili ya uchungu wa kutupa. Miligramu 3 safi zitaota. Miligramu 10 zenye bega hazitaota. Ikoleze hadi miligramu 10 kwa mililita kwa kichujio cha kilodaltoni 10, ukisimamisha kila dakika 5 na kukoroga kwa pipeti, kwa sababu chini ya kichujio kiwango hupanda haraka na protini hujishika yenyewe. Upime kwa mwanga wa nanomita 280 ukitumia mgawo wa unyonyaji wa mwanga uliohesabiwa kwa kipande chako mwenyewe, si ule wa protini nzima. Kipande kisicho na triptofani, asidi amino inayonyonya mwanga huo kwa wingi, hudanganya kwa mbali.

Kabla ya kuigusa protini hii kwenye sahani, jifunze mikono kwa lisozimu, protini iliyomo kwenye ute wa yai. Mtwara inawezekana kabisa kuitoa kwenye mayai, kwa njia ya Alderton na Fevold ya mwaka 1946. Ute mweupe wa yai moja ni kama mililita 30 na una lisozimu takriban miligramu 100. Koroga polepole bila kupata povu, chuja kwa kitambaa, weka gramu 5 za chumvi safi kwa kila mililita 100, pandisha pH hadi kati ya 9.5 na 10 kwa sodiamu haidroksaidi inayodondoshwa tone kwa tone, weka mbegu kidogo za fuwele za lisozimu, weka kwenye jokofu siku 3 au 4. Fuwele zitakaa chini. Ziyeyushe kwenye asidi ya siki hafifu, rudia, kisha tayarisha miligramu 50 kwa mililita kwenye bafa ya aseteti ya pH 4.6 na uzioteshe juu ya hodhi, yaani akiba ya myeyusho chini ya tone, lenye chumvi asilimia 4 hadi 8. Kesho yake zipo. Na somo linalofuata linajitoa lenyewe: kwenye nyuzi 20 utapata zile nene zenye umbo la pembenne lililochongoka, chumba kikipita nyuzi 25 huanza kutokea aina nyingine, ndefu, yenye mpangilio tofauti wa ndani. Mwanafunzi akiziona zote mbili kwenye sahani mbili za siku moja, hatakuja kupuuza joto tena.

Tukirudi kwenye FliG. Njia ni ya tone linaloning'inia. Sahani ina visima 24, kila kimoja mikrolita 500 za hodhi. Kwenye kioo cha duara cha milimita 22 weka mikrolita 1 ya protini na 1 ya maji ya hodhi, pindua, ziba. Tone limeanza likiwa na nusu ya nguvu ya hodhi. Maji yanahama kwa mvuke mpaka nguvu zilingane na tone libaki karibu nusu ya ujazo wake. Mwanzoni tumia seti ya miyeyusho iliyochanganywa kwa kutawanya, ambayo mtindo wake ulianzishwa na Jancarik na Kim mwaka 1991 kwa miyeyusho 50. Dakika 10 kabla ya kuanza, zungusha protini kwa kasi ya juu ili vumbi na vidonge vikae chini, na chota juu.

Kuziba ndiko kunakoangusha sahani nyingi za hapa. Grisi maalumu ya vyombo vya utupu hushika. Vaselini ya dukani hulegea kwenye joto letu, inateleza, na baada ya siku 5 kisima kimekauka upande mmoja. Ukilazimika, ichanganye na lanolini na nta ya mafuta ya taa kwa kiasi sawa, iyeyushe, ipake ikiwa ya moto kwa brashi; mchanganyiko huo hutumika pia kuziba vioo vya hadubini na unavumilia. Sahani za visima 96 zinaweza kuzibwa kwa solotepu pana inayopenya mwanga, lakini ibonyeze kisima kwa kisima kwa ukucha au mpini wa kijiko, usitegemee kuipapasa.

Kiyoyozi ni rafiki mwenye tabia mbili. Kinashusha joto, kinakausha hewa. Tone la mikrolita 1 likikaa chini ya upepo wake dakika mbili tatu limeshapoteza sehemu ya maji, na hutajua kwa nini sahani hii haifanani na ya juzi. Zima feni wakati wa kudondosha matone, panga vioo 6 tu kwa wakati mmoja. Kwa upande mwingine, msimu wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili, magnesiamu kloraidi na lithiamu kloraidi hunyonya unyevu mpaka kuwa uji ndani ya chupa. Ukizipima kwa uzito wakati huo unapima maji. Fungua chupa mpya, tengeneza myeyusho mmoja mkubwa wenye nguvu, andika tarehe, na uutumie huo mwaka mzima. Polietilini glikoli, PEG kama wanavyoiita wote, inayoisukuma protini itoke kwenye maji, nayo ina ugonjwa wake: ikikaa kwenye mwanga na hewa huzeeka, hutengeneza peroksaidi na pH yake hushuka. Iweke gizani na kwenye baridi. Ile ya asilimia 50 ni nzito kama asali. Usiipime kwa pipeti, pima gramu 50 kisha ongeza maji hadi mililita 100.

Mahali pa kuhifadhi sahani pana umuhimu kuliko ubora wa hadubini. Adui si nyuzi 26 badala ya 20. Adui ni kupanda na kushuka. Kiyoyozi kikizimwa usiku na kuwashwa asubuhi, kioo cha juu hupoa kabla ya hodhi, umande unakaa kwenye kioo, tone linajazwa maji, fuwele zinalika pembeni. Jioni maji yanarudi na fuwele zinaota upya juu ya zile zilizolika. Baada ya wiki mbili una vitu vyenye ngozi juu ya ngozi visivyotawanya eksirei. Dawa yake ni ya bei ndogo: boksi la povu la kubebea samaki, jipya, lenye kifuniko kizito, na ndani yake chupa 6 za maji za lita moja na nusu zikizunguka sahani. Lita 9 za maji zina ukaidi mkubwa wa joto. Weka kipimajoto chenye kumbukumbu katikati, mahali pasipofikiwa na upepo wa kiyoyozi wala ukuta wa jua la magharibi. Ikibidi kuchagua kati ya nyuzi 20 zisizotulia na nyuzi 27 zilizotulia, chagua 27.

Kuangalia: siku ya 1, 2, 4, 7, 14, 30, na 60. Chora au piga picha kila kisima, pamoja na vilivyo vitupu. Matone yote yakiwa safi siku ya 2, protini ni hafifu. Nenda miligramu 20. Zaidi ya nusu yakiwa na mashapo mazito ya kahawia, punguza hadi 5. Mashapo meupe yenye chembechembe zinazometameta chini ya mwanga uliochujwa ni habari njema, mashapo kama ngozi ya maziwa siyo. Na unapoiona fuwele ya kwanza, iulize kabla ya kushangilia. Iguse na sindano: ya chumvi huvunjika kwa mlio na vipande vikali, ya protini husambaratika kama jibini laini. Weka rangi ya bluu ya methilini kwa kiasi kidogo sana; protini ina mifereji ya maji ndani yake, huinyonya na kuwa bluu kuliko tone. Fuwele zikiwa nyingi, ziokote, zioshe mara tatu kwenye maji ya hodhi, ziyeyushe na uzipitishe kwenye jeli. Mstari wa kilodaltoni 26 ukitokea kwa kipande cha 104 hadi 335, ndiyo.

Fuwele za kwanza huwa sindano nyembamba au rundo lililojishika kama kikonyo cha korosho chenye maua. Hapo ndipo kazi ya kusia inapoanza, na kusia huku hakuna tofauti na kusia mbegu kitaluni: hutaki ziote zote, unataka chache zenye nafasi. Chukua rundo moja, liponde ndani ya mikrolita 50 za maji ya hodhi pamoja na kishanga kidogo cha kioo, tikisa sekunde 30, poza, tikisa tena. Punguza mara 10, mara 100, mara 1,000, mara 10,000. Weka mikrolita 0.2 za kila kiwango kwenye matone mapya ambayo PEG yake imeshushwa asilimia 2 hadi 4 chini ya pale sindano zilipotokea zenyewe. Chini kidogo ya hapo kuna eneo ambalo fuwele mpya hazizaliwi ila zilizopo hukua, na mbegu zinaingia humo. Njia ya zamani ni kuburuta unyweleo wa sharubu za paka kutoka tone la zamani hadi jipya. Ni mzuri kweli, una magamba yanayoshika chembe. Wakati huohuo tandaza pH kwa hatua za 0.2 na PEG kwa hatua za asilimia 1. Usibadilishe vitu vitatu kwa siku moja.

Fuwele ya milimita 0.1 hadi 0.2 kila upande inatosha. Kuigandisha ni kuitoa kwa kitanzi cha nailoni kinacholingana nayo, kuipitisha sekunde chache kwenye maji ya hodhi yenye gliseroli asilimia 20 hadi 25, kuitumbukiza kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, bila kusita juu ya mdomo wa chombo ambako gesi baridi huigandisha polepole. Gliseroli ikiwa pungufu, picha ya eksirei itakuwa na pete za barafu kwenye angstromu 3.9, 3.67 na 3.44. Naitrojeni yenyewe ndiyo ileile wanayohifadhia mbegu za ng'ombe kwa uhimilishaji, na kwa mikoa ya kusini kupanga tarehe yake na wasambazaji ni kazi ya mwezi mmoja kabla. Hewa ya Mtwara ina unyevu mwingi, hivyo barafu ya nje hujijenga kwenye naitrojeni iliyo wazi ndani ya dakika chache kama theluji. Badilisha naitrojeni ikianza kuwa na ukungu mweupe, na funika chombo kila unapomaliza fuwele moja.

Tafsiri nayo ina tahadhari moja ya FliG peke yake. Mwaka 2011 Minamino na wenzake walichapisha umbo la kipande cha kati na mwisho cha Thermotoga kilichoondolewa asidi amino tatu, mabadiliko ambayo kwa Salmonella huifunga mota izunguke upande mmoja tu, na mkao wa helisi (sehemu iliyojisokota kama springi) inayounganisha sehemu hizo ukawa tofauti na wa kipande kisichoondolewa kitu. Sehemu ya tofauti kama hizo inaweza kutoka kwenye mota, na sehemu nyingine kutoka kwa jirani anayegusana nayo ndani ya fuwele. Kabla ya kusema helisi imehama, hesabu migusano ya majirani mahali hapo, na ikiwezekana otesha protini hiyo kwenye mpangilio wa pili usiofanana.

Afrika haina sinkrotroni, mashine kubwa ya kutoa eksirei kali, hata moja, kwa hiyo fuwele zitasafiri hadi Ulaya au mbali zaidi. Chombo chake ni cha naitrojeni iliyonyonywa kwenye kuta, bila maji yanayochezacheza ndani. Kijaze siku moja kabla, kijaze tena baada ya saa 6 kwa kuwa kuta huendelea kunywa, kisha mwaga iliyobaki huru. Kipime uzito, kiache saa 24, kipime tena: hiyo ndiyo kasi ya upotevu, na uzito wa naitrojeni uliomo ukigawanywa kwa kasi hiyo unakupa siku ulizonazo. Mtwara hadi Dar es Salaam kwa barabara ni takriban kilomita 560, na chombo kinatakiwa kisimame wima njia nzima. Kikilala, gesi baridi humwagika na siku 10 zinageuka 2. Kifungwe kwa kamba kwenye kiti, pembeni ya mtu anayekijua, na uzito wa asubuhi uandikwe kwa kalamu isiyofutika kwenye kifuniko.